Jina la Kuazima

Jumatatu, 1 Septemba

Unyevu asilimia arobaini na nne. Kavu. Jumatatu hatupokei wageni, kwa hiyo ni siku ya vumbi. Nimefuta picha zote za chumba kikubwa kwa brashi laini, juu kwenda chini, kama kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa. Kichwa cha nyati kimeliwa sikio na nondo. Mama Maria wa mbao hana pua tena; mchwa. Nimepaka dawa. Sakafu ya mbao inalia kila ninapokanyaga. Wakubwa wa mashamba ya mkonge waliijenga kwa ajili ya kuchezea dansi, si kwa ajili yangu.

Mfumo mpya. Makao makuu wanataka kila kitu cha Jumba la Picha kiingizwe kwenye kompyuta kabla mwezi haujaisha. Ngoma, vigoda, vinyago, picha za mafundi wa reli, kila kitu. Nafasi yenye nyota nyekundu haikubali kuachwa wazi. "Jina la aliyechorwa" ina nyota nyekundu. Nimeandika "hajulikani", ikakubali. Picha iliyofuata ikagoma: jina limeshatumika. Mashine inanifundisha kazi.

Zilibaki tisa zisizo na majina. Nane nimezipa majina ya marehemu wa kwaya yetu. Hawatagombana. Ya tisa, namba 41, majina yakaniishia. Mwanaume amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, mikono magotini, vidole vimenyooka, kasoro gumba la kushoto amelificha chini ya kiganja. Nyuma ya turubai kumeandikwa "Vidunda" tu. Aliyechora ni yule mama wa shamba la mkonge ambaye alimchora pia mbwa wake mweupe mara sita. Hao mbwa nimewaweka stoo, hakuna anayewataka.

Masikio ya huyu bwana yamesimama kama ya mdogo wangu Yeremia. Nikaandika Yeremia. Swali lililofuata: hai au marehemu? Picha ya enzi za mkonge. Nikabonyeza marehemu. Kibandiko kikatoka, nikakibandika chini ya fremu. Nimecheka peke yangu. Lazima nimwambie.

Jumatano, 3 Septemba

Wageni kumi na mmoja. Mmoja wao bibi wa Vidunda, Bi Anjela, muuza maharage, kaja mjini kutazamwa macho. Mjukuu wake ndiye aliyemwandikia jina kwenye kitabu cha wageni.

Alipita vinyago bila kuvitazama. Alipofika namba 41 akasimama. Akasimama sana. Kisha akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, mjomba." Mjukuu akamsomea kibandiko. Bibi akanigeukia.

"Yeremia ndiye nani?"

Nikamwambia ni mdogo wangu, nimeazima jina tu.

"Amekufa?"

Mzima, nikasema, yuko Mikumi anaziba matairi ya malori.

"Basi mrudishie upesi."

Akatoka bila kuaga. Nilikasirika. Mtu aje kwenye jumba langu anipangie kazi.

Ufa wa paji la uso kwenye 41: milimita thelathini na moja. Haujabadilika tangu niajiriwe.

Jumatatu, 8 Septemba

Vumbi. Kisha vipimo. Ufa wa 41: milimita ishirini na saba.

Nimepima mara tatu. Rula ni ileile. Kiangazi ufa wa rangi hupanuka, haufungi. Haijawahi kutokea. Nimeandika kwenye rejista nikaweka alama ya kuuliza, kitu ambacho sikipendi.

Yeremia kapiga simu jioni. "Shikamoo bibi kizee." Ndivyo anavyoniamkia. Nina miaka hamsini na nne. Nikampa kichekesho cha picha. Akacheka, halafu cheko likamwisha katikati. Anasema wiki nzima watu wanampa pole. Mfugaji mmoja wa Msowero, mteja wake wa trela, alishuka gereji kuja kuhani, akamkuta anapiga nyundo. Wote wawili wakaona aibu. Na juzi alikwenda kusajili laini ya simu, kidole kikagoma. Vidole vyote kumi. Yule dada wa dirishani akamwambia mashine haioni mtu.

Matairi yamekula alama za vidole, nikamwambia. Ni kweli, inatokea kwa mafundi. Nimemwambia hivyo mara mbili.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Neema, mke wake, kanipigia. Yeremia halali usiku, mchana anasinzia. Ugali anaugusa tu. Wamempima malaria, hakuna. Sukari, hakuna.

Nimeng'oa kibandiko. Kimeacha gundi ukutani.

Jina limebaki kwenye mfumo. Kitufe cha kufuta hakuna. Kuna cha kurekebisha tu: unatoa jina, unaweka jina jingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Mikumi. Vumbi mpaka kwenye meno. Kwenye barabara kuu malori yamepanga foleni kwa Yeremia na yeye hayuko kazini.

Nilimkuta barazani. Amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Gumba la kushoto limefichwa chini ya kiganja.

Yeremia hajawahi kukaa hivyo. Yeremia hajui kukaa. Tangu mdogo ni mtu wa kuchezesha mguu, kugonga meza, kusimama. Mama Neema anasema sasa anakaa vile tangu asubuhi hadi jua linazama. Kuku wanapita juu ya miguu yake, wanamwona kama kisiki.

Amekonda. Nilimshika mkono wa kulia, nikatafuta kidole chake cha mwisho, kile kilichopinda. Ni mimi niliyekibana mlangoni alipokuwa na miaka sita. Kilipona vibaya. Kila ninaposhikana naye mkono nakigusa kwanza, ni kama kumwomba radhi. Kipo. Kimepinda. Nikashukuru.

Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema haumwi. Akasema, "Ila dada, watu wanapita mbele yangu. Wanasimama, wananitazama, wanaondoka. Hawaniamkii."

Barazani kwake hakuna njia. Kuna ukuta wa jirani.

Nilipokuwa naaga akasema jambo jingine. Jumatatu asubuhi kuna kitu laini kinampita usoni. Kutoka juu kwenda chini.

Sikumwambia Mama Neema. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

Jumatatu, 15 Septemba

Mimi nimesoma shule ya misheni Berega, kwa kengele na katekisimu. Siamini mambo haya. Naamini rula.

Rula inasema milimita kumi na tano.

Nilifuta picha zote, 41 nikairuka. Kisha nikarudi. Nilitaka kujua, na huo ndio ukweli. Saa tatu na dakika kumi nikapitisha brashi mara moja tu, shavu la kushoto.

Saa tatu na dakika kumi na mbili simu ikaita. Mama Neema. Yeremia amejishika shavu la kushoto analia, anauliza nani kamgusa.

Niliweka brashi chini.  Nimefunga jumba saa tano, mara ya kwanza tangu mafuriko.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika hili ili nijue nilivyo.

Nilifungua mfumo, namba 41, kurekebisha. Nikafikiria jina la afisa aliyetuletea mfumo wenyewe, anayeniita "mama mhifadhi" huku anatazama simu yake. Nililiandika lote. Nikalitazama. Ana watoto. Nikalifuta.

Nikafikiria kumwandika "hajulikani". Mfumo hautaki wawili.

Nikaandika jina langu. Eunike. Mimi ndiye niliyefanya ujinga huu, mimi ndiye dada. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikafikiria kukaa vile. Kutazamwa na watoto wa shule wanaokula karanga. Kichwa cha nyati mbele yangu miaka yote.

Nikafuta. Niliogopa. Nampenda mdogo wangu na niliogopa.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mama alikuwa akisema. Nilidhani ni habari ya nguo.

Nikachukua kitabu cha wageni nikatafuta ukurasa wa tarehe tatu.

Alhamisi, 18 Septemba

Vidunda. Bodaboda ilinipandisha mlima hadi ikashindwa, nikamaliza kwa miguu. Viatu vya ofisini. Shauri yangu.

Bi Anjela alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharage, hakusimama. Nikamwamkia. "Marahaba. Umechelewa." Nikamwonyesha picha kwenye simu. Alitaka ikuzwe, ikuzwe tena, mpaka yakabaki macho tu. Kisha akanirudishia. Macho ya kwao, akasema.

Yule bwana anaitwa Lukwele. Kaka wa bibi yake, ukoo mzima humwita mjomba. Yule mama wa mkonge alimwita akae achorwe, akakaa siku nyingi, mvua na jua. Aliporudi mlimani hakuwa yeye. Alikuwa anakaa tu. Hawakumaliza mwezi wakamzika.

Hapa kwao mtu akifa jina lake halizikwi. Siku ya kumaliza matanga anapewa mtu wa ukoo, na aliyepewa ndiye marehemu tena. Hata awe mtoto mchanga, wajukuu watamwamkia shikamoo. Jina la Lukwele lilikosa wa kulichukua. Kila mtoto aliyepewa alilia mpaka wakamwondolea. Wazee wakasema mtu hawezi kurithiwa kama hajainuka. Yeye bado amekaa, mjini, kwa wazungu.

"Wewe ukamletea mwenzake," Bi Anjela akasema. "Kigoda kimoja hakikai wawili. Mmoja lazima atoke."

Nikamuuliza vipi wale wanakwaya nane. Akapuliza maganda. Hao walishakufa, akasema, hawana cha kunyang'anywa.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hajui. Akamaliza konzi moja ya maharage. Halafu: jina la mtu aliye hai likishabandikwa halitoki, limeshakaa. Ila anaweza kutoka mtu. Mdogo wangu achukue jina la mjomba, amwinue, ashuke naye. Jina la Yeremia libaki kule kwenye picha. Ndivyo anavyofikiri. Kwao hakuna aliyewahi kufanya kosa kama langu, kwa hiyo hana pa kuulizia.

"Atapona?"

"Atakayetoka atakuwa mzima."

Nilisikia alivyolisema. Nikajifanya sikusikia.

Na tangu siku hiyo yeyote asimwite Yeremia tena. Mwenye jina atakuwa mahali pengine.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemweleza Yeremia yote. Barazani, mbele ya Mama Neema. Mama Neema ni Mlutheri mkali, nilitegemea anifukuze. Alisema tu, "Afanye. Bora nimwite jina jingine kuliko nimwite kaburini."

 Ngozi ya Yeremia imekuwa na mng'ao nisioupenda, ule wa picha za rangi ya mafuta. Kisha akasema, "Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kuliandika."

Kwa chaki, kwenye mlango ule ule uliombana kidole. Alikuwa anaandika herufi ya kwanza kichwa chini miguu juu. Nilimchapa kwa hilo.

Nimemwomba radhi. Ya mlango, ya kofi, ya picha. Akajaribu kucheka. "Shikamoo bibi kizee," akasema, polepole, ni kama anayejaribu ufunguo kwenye kufuli. Nikaitikia. Natamani ningeitikia kwa sauti zaidi.

Jumatatu, 22 Septemba

Tumefanya asubuhi, saa nne, mlango umefungwa.

Mama Neema alimleta kwa gari la jirani. Bi Anjela alikuja na unga wa mtama kwenye mfuko na maji kwenye chupa ya soda. Nilitandika turubai la plastiki sakafuni kwa sababu unga unaleta panya. Bi Anjela alinitazama ninavyotandika.

Kigoda nilikitoa kwenye makusanyo, namba 112. Yeremia akakaa, uso kwa uso na 41. Wote wawili mikono magotini. Chumba kilikuwa na joto lakini niliona mvuke wa pumzi yake. Kipima unyevu kilipanda hadi tisini na moja na hakuna dirisha lililokuwa wazi.

Bi Anjela akampaka unga kwenye paji la uso. Akazungumza Kividunda, sikuelewa, sauti ya kawaida tu, ile ya kumkumbusha mtu kwamba basi linaondoka. Kisha kwa Kiswahili, ili nasi tusikie: "Lukwele, umekaa vya kutosha. Inuka twende nyumbani."

Hakuna kilichotokea. Nzi alitembea kwenye fremu.

Kisha mtu aliye kwenye kigoda akaingiza hewa, ndefu, mithili ya anayetoka majini. Akaweka mikono kwenye magoti, akasukuma, akainuka. Magoti yalilia. Alisimama akiwa amepinda mgongo, akaunyoosha kidogo kidogo.

Bi Anjela akapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema.

Tukaamkia kwa zamu. Mama Neema alilia. Mimi nilisema shikamoo kwa mdogo wangu ambaye nilimbeba mgongoni, na akaitikia bila kutabasamu, mkono wake ukagusa kichwa changu kama wazee wanavyofanya.

Alielekea nje bila kugeuka. Alipofika mlangoni alisita kidogo, akatazama njia ya reli, akauliza mkonge umekwenda wapi.

Nimefagia unga. Panya bado hawajaja.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama Neema: amekula sahani mbili. Amelala usiku kucha. Amefungua gereji. Anajifunza upya kutumia jeki, anasema mikono imesahau, lakini ana nguvu.

Namshukuru Mungu. Naandika hivyo na sijui nimemaanisha nini.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya ibada nimekwenda Mikumi. Amenenepa. Foleni ya malori imepungua, kazi inaenda. Neema, binti yake, anamwita babu, na anacheka akisema, lakini anamwita.

Nikapiga goti, shikamoo, marahaba. Akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mji, moja moja, kwa utaratibu wa watu wa zamani. Yeremia hakuwahi kusubiri jibu la swali lolote.

Akaniuliza kama yule mbwa mweupe bado yupo. Alikuwa akimuuma visigino.

Nikasema alikufa. Akasema vizuri.

Tuliagana kwa mkono. Nilikitafuta kidole cha mwisho, kama kawaida yangu. Kimenyooka.

Nilikishika muda mrefu. Yeye akaniacha nikishike, kwa upole, kama mzee anayemvumilia mtoto.

Nina mjomba mpya. Ni mtu mwema. Mke ana mume, mtoto ana mtu wa kumlisha. Sina haki ya kulalamika na ninalalamika hapa, kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 13 Oktoba

Unyevu asilimia hamsini na mbili. Mvua za kwanza zinanukia upande wa milimani. Siku ya vumbi.

Makao makuu wameandika. Makusanyo yetu yamepokelewa, mfumo umekamilika, pongezi. Wanataka ripoti ya hali ya kila picha, kila robo mwaka.

Nimekwenda kwa mpangilio. 38, 39, 40. Nilisimama mbele ya 41 kwa muda. Tangu siku ile nilikuwa naifuta huku natazama pembeni.

Ufa: milimita thelathini na moja. Umerudi palepale.

Anakaa vilevile, kigoda, mikono magotini. Gumba la kushoto sasa liko nje, limeinuliwa kidogo, la mtu anayetaka kugonga meza. Mkono wa kulia, kidole cha mwisho kimepinda kwenye kiungo cha pili, kuelekea ndani. Rangi haijaguswa. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Nyufa ndogondogo zinapita juu ya kidole bila kukatika, za zamani, za umri wa picha.

Kwenye safu ya mabadiliko nimeandika: hakuna.

Kisha nimechukua brashi. Alikuwa hapendi kufutwa uso tangu mdogo, alikuwa akikimbia hadi uani, namfukuza na kitambaa. Nimeanza na paji la uso, taratibu, nikakwepa macho. Bi Anjela alikataza kumwita jina yule wa Mikumi. Huyu wa ukutani hakumtaja. Nimemwita mara moja, kwa sauti ya chini, jina lake lote. Nikamfuta na masikio. Halafu nikaenda 42.